Supu ya viazi imekuwa gundi: kosa si la krimu

SWALI: Shikamoo mama. Nimeolewa Njombe, na wiki iliyopita baba mkwe aling'olewa meno matatu, hawezi kutafuna. Nikataka kumpikia supu ya viazi ile nzito, laini, nyeupe, niliyowahi kuila hotelini Dar. Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza niliisaga kwenye blenda, ikavutika kama gundi. Ya pili niliponda kwa mwiko, nikatia nyanya na maziwa, maziwa yakakatika. Ya tatu nilichemsha viazi peke yake, nikamwaga maji, nikaviponda na kuvichanganya na maziwa. Ikawa maji juu, machicha chini. Krimu huku madukani sijaiona. Je, bila krimu haiwezekani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umpe baba mkwe pole yangu. Jino moja likitoka ni taabu, sembuse matatu.

Inawezekana. Tena kwa makosa mawili kati ya hayo matatu, hata ungekuwa na ndoo nzima ya krimu isingekusaidia kitu. Kwa lile la nyanya ingekusitiri kidogo tu. Nimefanya kazi jikoni mwa hoteli Arusha miaka kumi na tisa, na supu ya viazi tuliyokuwa tukijipikia sisi wafanyakazi haikuwa na tone la krimu. Ya wageni ilikuwa nayo. Yetu ilikuwa tamu zaidi, na sisemi hivyo kwa wivu.

Wafaransa wana supu kama hiyo, wanaiita potage Parmentier, kwa jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyeishi kati ya 1737 na 1813. Alitekwa na Waprusi wakati wa Vita vya Miaka Saba, na huko kifungoni akalishwa viazi, chakula ambacho Wafaransa wenzake wengi walikiona cha nguruwe. Aliporudi kwao akawa mpiga debe wa kiazi maisha yake yote. Mpaka leo watu humwekea viazi juu ya kaburi lake Paris. Supu hiyo inavyopikwa nyumbani ni viazi, liki (ndugu wa kitunguu, mrefu, mweupe chini na kijani juu), maji, chumvi na kipande cha siagi. Basi. Hata ile inayonywewa baridi, vichyssoise, mpishi Louis Diat aliyeitoa hotelini Ritz-Carlton, New York, mwaka 1917, alisema aliitoa kwenye supu ya utotoni mwake, ambayo alikuwa akiipooza kwa maziwa baridi. Umeona? Maziwa. Krimu ilikuja hotelini.

Sasa tuingie jikoni, maana gundi yako ndiyo yenye mengi ya kueleza.

Ndani ya kiazi kuna vijumba vidogo mno, macho hayavioni, na kila kijumba kimejaa punje za wanga. Joto likifika kama nyuzi 60, punje zile hunywa maji zikavimba. Kiazi kikiendelea kuiva, kile kinachovishikanisha vijumba hulegea, vikaachana kimoja kimoja, kila kimoja na wanga wake tumboni, mdomo umefungwa. Ukitia kijiko kinywani unahisi laini, kama uji uliochujwa vizuri. Ulaini unaoutafuta ndio huo, na umo ndani ya kiazi tangu kilipotoka shambani.

Blenda inafanya nini? Kisu chake kinazunguka kwa kasi ambayo mkono hauna, kinavipasua vijumba, wanga uliovimba unamwagika wote nje na kushikana. Unaikumbuka gundi tuliyokuwa tukipika kwa unga wa muhogo, ya kubandikia vishada? Ulipika ile ile, ukaitia chumvi. Na kadiri ulivyoona haijalainika ukaendelea kusaga, ndivyo ulivyozidi kuiharibu.

Sikucheki. Mwaka wangu wa pili kazini niliachiwa sufuria ya supu ya viazi ya wageni arobaini. Nikaona kuponda kwa mkono ni ushamba na mashine kubwa ipo. Nikasaga. Nikasaga tena, nipate sifa. Mpishi mkuu akaja na upawa, akauzamisha, akauinua. Supu ikaning'inia. Haikudondoka, mwanangu, ilining'inia kama ubani wa kutafuna, na yeye kausimamisha upawa hewani ananitazama mimi, si supu. Usiku ule wageni walikunywa supu ya maboga.

Gundi ikishakuwa gundi hairudi nyuma. Usijaribu kuitibu kwa maziwa mengi, utapata mlenda mwembamba badala ya mlenda mzito. Kama ipo nyingi, ongeza unga wa ngano, vitunguu na pilipili, kaanga vipande vipande kwenye kikaango kama chapati ndogo, watoto watakula wala hawataujua msiba wake.

Dawa ni kuponda, tena kwa upole. Kama mama mkwe ana upekecho, kile kijiti cha kupekechea maharage au mlenda, mwombe. Hicho ndicho chombo changu cha kwanza kwa supu hii, kuliko mashine yoyote ya dukani. Ukiupekecha kati ya viganja ndani ya sufuria, viazi vilivyoiva husambaratika bila kupasuliwa. Ukitaka iwe laini ya hotelini kabisa, ipitishe kwenye chungio la waya kwa kuisukuma na mgongo wa upawa, chota kidogo kidogo. Mkono utachoka. Lakini hapo chungioni ndipo unapopata ile supu uliyoila Dar, na kwa mzee asiye na meno huna haja ya kumwachia hata uzi mmoja wa kitunguu.

Na kama umeme upo na blenda unaipenda? Saga theluthi moja tu, pamoja na maji mengi ya supu, bonyeza na kuachia mara tatu au nne, kisha changanya na iliyopondwa. Iache ipoe kwanza. Supu ya moto ikifungiwa ndani ya blenda, mvuke unarusha kifuniko, na dari la jiko halihitaji viazi.

Ile ya tatu, ya maji juu na machicha chini, kosa lake ni jepesi: ulimwaga maji. Sehemu ya wanga hutoka yenyewe kwenye vipande ulivyokata na kukaa ndani ya maji ya kuchemshia, na huo mdogo uliotoka kwa hiari ndio unaoshikilia supu isitengane. Maji yale ndiyo supu yenyewe. Kwa hiyo viazi vya supu hii humenywa, huoshwa vikiwa vizima, ndipo vikatwe. Ukishavikata usivioshe tena wala usiviloweke. Kuloweka ni kwa chipsi.

Lakini nashuku pia viazi vyenyewe. Machicha ni dalili ya viazi visivyo na unga. Njombe mnalima viazi mviringo kuliko karibu mahali popote nchini, hamna sababu ya kula kibaya, ila sokoni huchanganywa, na jina la mbegu anayokutajia muuzaji usilitegemee sana. Unachotaka ni kiazi kilichokomaa, chenye unga, kile ambacho ukikichemsha na ganda lake hupasuka na kuonyesha nyama inayometa kama chenga za sukari. Vichanga vyenye ganda linalotoka kwa kusugua na kidole gumba ni vitamu kwa mchuzi, kwa supu hii havifai, bado vina maji. Wasomaji wa Kenya wenye viazi vya mbegu ya Shangi jikoni hawana wasiwasi, ile huiva haraka na kupasuka mapema.

Kuna jaribio la zamani la wapishi. Changanya robo kikombe ya chumvi na vikombe vitatu kasoro robo vya maji, ikoroge iyeyuke yote, tia kiazi kizima. Kinachozama kina unga, kwa sababu wanga ni mzito. Kinachoelea kina maji mengi. Nimewahi kununua debe zima kwa kujaribu viazi vitano hivi mbele ya muuzaji, akaniuliza kama nimetumwa na mganga.

Cha rangi ya kijani usikichukue. Kimekaa juani, na pamoja na ule ukijani huja sumu iitwayo solanini, yenye uchungu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kwenye supu hii ambayo maji hayamwagwi, yote ingeishia bakulini kwa mzee.

Na nyanya? Mwanangu, nyanya ilikuharibia mara mbili. Kwanza, uchachu huzuia viazi kuiva vizuri: kile kinachovishikanisha vijumba hakilegei mbele ya kitu kichachu, ndiyo maana nina hakika uliponda ukakuta vigumugumu. Pili, maziwa ya moto yakikutana na uchachu, protini zake hushikana na kujitenga na maji. Hapo ndipo yanapokatika. Supu hii haina nyanya, haina ndimu, haina mtindi. Kama mtu anataka kitu kichachu, ajitilie bakulini mwake mwenyewe, mwisho.

Lakini maziwa yanaweza kukatika hata bila nyanya. Ya ng'ombe wa jirani yaliyokamwa alfajiri na kukaa mpaka jioni bila kuchemshwa yameshaanza kuchacha. Ulimi hausikii bado, moto unasikia. Kwa hiyo maziwa yachemshe yakifika tu nyumbani. Utafanya hivyo kwa usalama pia, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na hata kifua kikuu. Kisha yaache yapoe usiku kucha kwenye sufuria pana, usiyatikise. Asubuhi juu yake utakuta utando mnene wa manjano kidogo. Watu wa pwani wanauita malai. Uengue kwa kijiko, uweke kwenye kikombe, ufunike. Ulikuwa unatafuta krimu dukani, nayo inalala juu ya maziwa yako kila usiku.

Basi tupike. Kwa watu wanne nachukua viazi robo tatu ya kilo vikiwa vimeshamenywa, kitunguu maji kimoja kikubwa, liki moja kama ipo sokoni (sehemu nyeupe tu, ioshe katikati ya majani, inaficha mchanga), vijiko viwili vya chakula vya siagi, lita moja ya maji au mchuzi wa mifupa, na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa, pamoja na huo utando.

Kuhusu mifupa nina neno. Huku kwetu ukimwambia mzee umempikia supu, anategemea mfupa, chumvi, na pilipili pembeni. Ukimletea bakuli la kitu cheupe kisicho na mfupa atakuuliza supu iko wapi. Basi muunganishe. Chemsha mifupa ya ng'ombe au kuku wa kienyeji mapema, engua mafuta ya juu, chuja, tumia mchuzi ule badala ya maji. Kiazi kinakuwa na mgongo wa kuegemea. Mbuzi hapana, harufu yake inakifunika kiazi chote. Na usitie vile vidonge vya kuongeza ladha juu ya mchuzi wa mifupa, chumvi yake itakushinda.

Injika sufuria nzito, moto mdogo, siagi. Ikiyeyuka tia vitunguu na liki vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo, funika. Hapa usiwe na haraka. Vinatakiwa vilainike na kutoa utamu bila kubadilika rangi, dakika kumi, pengine kumi na mbili. Vikipata wekundu, supu itakuwa na rangi ya vumbi na ladha ya pilau. Kama ni jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu pembeni. Ndipo utie viazi ulivyokata vipande vya ukubwa sawa, kama kiberiti kilichokatwa nusu, uvigeuze kwenye siagi dakika mbili, kisha mchuzi ukiwa wa uvuguvugu, si wa kutokota, ili vipande viive nje na ndani pamoja. Chumvi kijiko kimoja cha chai sasa hivi; iliyobaki utaonja mwishoni.

Vitabu vitakuambia dakika kumi na tano au ishirini. Vitabu hivyo havikuandikwa Njombe. Mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na kiazi kinajua tofauti hiyo. Funika, hesabu nusu saa, kisha usiamini saa. Chota kipande, kibonyeze kwa kijiko kwenye ubavu wa sufuria. Kikisambaratika bila ubishi, kimeiva. Kikigawanyika vipande viwili safi, rudisha mfuniko. Nusu ya supu zenye chembechembe ninazoletewa zilipondwa dakika kumi kabla ya wakati wake.

Epua. Pekecha, au pitisha kwenye chungio, kisha rudisha kwenye moto mdogo sana. Maziwa yawe ya moto kiasi, pembeni. Usiyamwage sufuriani moja kwa moja: chota upawa mmoja wa supu utie kwenye maziwa, koroga, chota wa pili, koroga, ndipo urudishe yote sufuriani. Wanga wa viazi ukishawahi kuyazunguka maziwa, huyalinda. Tia na ule utando. Kuanzia hapo supu ipate joto, isitokote. Ukiona mapovu yanapasuka katikati, umechelewa kuepua. Uzito wake uwe kama uji wa mtoto anayeanza kula, unaofunika mgongo wa kijiko na kuacha njia ukipitisha kidole. Ikizidi uzito ongeza mchuzi, si maziwa. Ikipungua, iache bila mfuniko dakika chache kabla ya kutia maziwa, usikimbilie unga wa ngano. Unga wa ngano una urojo, na urojo ni Unguja ndiko wanakoujua.

Mwisho kuna kungumanga. Ikwaruze mara tatu tu kwenye sufuria. Ukipitisha hapo, chakula chote kinanukia kabati la dawa.

Wa pwani wanaosoma hapa wataniuliza tui. Linafaa sana, na mimi huitumia kwa wasiokunywa maziwa. Tui jepesi liingie kuchemshia viazi, tui zito liingie mwishoni kabisa na kukorogwa upande mmoja bila kutokota, la sivyo nalo hukatika. Ila hiyo ni supu nyingine, na nyeupe yake ni nyingine.

Itakayobaki itaganda usiku, usishtuke, wanga ukipoa ndio hali yake. Ipashe kwa maziwa kidogo na moto mdogo. Kwenye friza usiitie, ikiyeyuka inakuwa na chengachenga na maji yake yanajitenga.

Kwa mzee, siku hizi za mwanzo pilipili manga usimtilie, wala majani ya vitunguu ya kupamba, vipande vidogo vinapenda kujificha kwenye tundu la jino. Mpe kijiko, asivute kwa mrija, kule kuvuta kunaweza kuondoa bonge la damu linaloziba kidonda. Na bakuli lake litangulie kupakuliwa kabla ya ya wengine, likae mezani lipoe mpaka liwe vuguvugu.